Vinu Vilivyofudikizwa Mbuchi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribishwa na mtu aliyekuwa akiaga. Nilifika kwenye ofisi ya kampuni ya ushauri, ghorofani, Dar es Salaam, nimevaa viatu vya kuazima, nikamkuta karani wa mapokezi mlangoni amekumbatia kasha la vitu vyake. Akanipa funguo, akanionyesha birika la chai, akasema, "Karibu dada. Simu inapokea tu, haipigi." Kisha akashuka ngazi. Hivyo ndivyo nilivyoianza kazi iliyonifikisha kustaafu, na mpaka leo naistaajabia.

Nyinyi vijana mkisikia kampuni ya ushauri mnadhani ni watu wa kukaa na kutoa nasaha, kama kungwi na mwali. La. Sisi tulikuwa washauri waelekezi. Serikali au mwekezaji akitaka kufanya jambo kubwa, huajiri watu wa pembeni waende kwanza kutazama: ardhi ikoje, maji yanakwendaje, wenyeji ni akina nani, watapata nini na watapoteza nini. Kutazama huko ndiko kunakoitwa upembuzi yakinifu. Maagizo ya mteja, yanayosema mtazame nini na mmalize lini, huitwa hadidu za rejea. Mkurugenzi wetu alikuwa akitusomea hadidu hizo kwa sauti kabla ya kila safari, na sote tulisikiliza tumesimama.

Mkurugenzi alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyewahi kuwa ofisa wizarani. Enzi ya ruksa ilipoingia, watu wakakimbilia kufungua maduka na kununua mabasi, yeye akaacha kiti cha serikali akafungua kampuni ya kufikiri. Wenzake walimcheka sana. Mwanzoni kazi zilimjia, kisha wakaja wageni na kompyuta zao na ripoti zenye majalada ya kung'aa, zabuni zikaanza kutupita hivi hivi tunaziona. Mimi niliingia wakati huo, nimetoka kupunguzwa kazi kwenye shirika la umma, kwa hiyo sikuwa na jeuri ya kuchagua.

Kila baada ya muda kitu kilitoka ofisini na hakikurudi. Lilitoka gari, ikafuata mashine ya kudurufu, likafuata zulia. Wataalamu nao wakapungua mmoja mmoja. Lakini waliobaki, jamani! Mchoraji ramani wetu aliketi sakafuni, maana meza yake ilikwisha kuuzwa, akachora mto Rufiji na vijito vyake vyote mpaka vinapomwagikia baharini. Nilikuwa nikisimama nyuma yake na birika mkononi mpaka chai inapoa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuipenda kazi hivyo mahali panapobomoka.

Baadaye nilifanywa mdadisi, yaani mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba na dodoso lake la maswali. Kituo changu cha kwanza kikawa kwetu Kibiti, siku hizo bado ipo ndani ya wilaya ya Rufiji. Ofisi ilikuwa chumba cha uani, nyuma ya duka la baiskeli la Mhindi mmoja aliyezaliwa pale pale na aliyesema Kindengereko kunishinda mimi Mmatumbi, ambaye wazee wangu waliteremka na majembe yao kutoka milimani. Mkubwa wetu pale alikuwa Meneja wa Miradi, mtu wa mahesabu na haraka, mwenye watoto wengi. Alinipokea kwa kuniambia ukweli mtupu.

"Bi Rukia, mwekezaji anataka kufuga kamba delta, wale wa kuliwa wenye ndevu. Sisi tunamtazamia kama kuna watu. Hii ndiyo kazi pekee iliyobaki mezani. Ikiharibika, kampuni inafungwa."

Tukaenda Mbuchi, kijiji kilichomo humo deltani, mto Rufiji unapoingia baharini. Delta kwa mtu wa barabarani kama mimi ilikuwa dunia nyingine: maji yanajaa na kupwa ndani ya msitu wa mikoko, na njia uliyopita asubuhi jioni haipo. Tulipita kitongoji hadi kitongoji tukibisha hodi. Milango ilikuwa imefungwa kwa ukambaa, majiko yamepoa. Tuliowakuta ni wavuvi wa kupita, nao hawakujua habari za wenyeji. Kanuni yetu ilisema: bisha, rudi siku nyingine, rudi tena saa tofauti, kama bado kimya, andika "hame", maana yake makazi yaliyoachwa. Kanuni hiyo ilitungwa mjini na mjini haijawahi kutuangusha. Basi tukaandika hame, hame, hame.

Meneja akatunga rasimu, yaani ripoti kabla haijatiwa sahihi. Ilisema sehemu kubwa ya eneo lile ni mahame, mwekezaji anaweza kuingia bila kumsumbua mtu. Mteja angefurahi. Sisi tungepona.

Mkurugenzi alikuwa na desturi moja ambayo sikuikuta kwingine kokote. Rasimu ikiisha, aliwaketisha wote waliokwenda porini, akamwuliza kila mmoja swali lile lile: "Umeona nini ambacho hakimo humu?" Hakukubali mtu aseme hakuna. Safari hiyo alikuja Kibiti kwa basi, akakaa juu ya kreti la soda, akatuuliza. Ilipofika zamu yangu nilisema lililonijia kwanza.

"Vinu, Mkurugenzi. Vimefudikizwa milangoni, vinywa chini."

"Nyumba ngapi?"

"Karibu kila nyumba."

Akavua miwani. "Mtu anayehama huacha kinu?"

Kinu ni gogo zima la mti, mtu akihama hukibeba au humwachia ndugu. Akikifudikiza, hataki kiingie mvua wala uchafu. Anatarajia kurudi kutwanga.

Meneja akasimama. "Mkurugenzi, mteja anaitaka ripoti wiki hii. Tukiomba muda atakwenda kwa wale wenye kompyuta. Wewe unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi tuandike tulichoandika. Tulifuata kanuni! Mimi nina watoto shuleni, na hawa wote wana watu nyuma yao."

Mkurugenzi hakumkaripia. Alimtazama kwa huruma, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ndugu yangu, nikitia sahihi hapa, atakuja mtu na tingatinga. Nataka kujua kwanza kama ndani mna watu."

Wiki ile hatukupeleka ripoti. Tulipanda lori la magunia, mimi na Meneja na Mkurugenzi mwenyewe, kisha tukapanda mtumbwi. Mkurugenzi alivua viatu vyake vya ofisini akavipakata kama mtoto. Tuliwaacha wale wavuvi, tukafuata kijito kimoja kilichokwenda mbali na nyumba, alfajiri imekwisha kupambazuka na ukungu umelala juu ya maji.

Ukungu ulipoinuka, mbele yetu palikuwa na mpunga mpaka macho yanakoma, na juu ya mpunga madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo ndefu, kimoja na kingine na kingine, moshi wa chai ukitoka kwenye mapaa. Mji mzima ulikuwa umepanda juu ya miti! Watu walikuwa wakiamia ndege: mmoja anapiga ukelele, ndege wanaruka, jirani anapokea, na wa mbele yake anapokea, mpaka sauti inapotea upande wa pili na kuturudia tena. Mwalimu wa chuo alikuwa amehamia na chuo chake. Watoto walisoma Kurani huko juu, na maji yakijaa taratibu chini yao. Mkurugenzi, ambaye namjua ni mtu wa kanisani, alisema "Subhanallah."

Tukabisha hodi kwenye dungu la karibu. Mama wa makamo akachungulia.

"Karibuni, pandeni. Lakini mmoja mmoja, dungu si ghorofa hili."

Tulipanda ngazi ya miti. Jiko lilikuwa la udongo, mtoto amelala pembeni. Mama alijitaja kuwa Bi Mwanaisha, akatutazama mmoja mmoja, kisha makaratasi yetu.

"Kumbe nyie ndio mliokuwa mkigonga kule nyumbani?"

"Ndio sisi, mama," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Msimu wa mpunga mnagonga kijijini? Hata kuku wetu wapo huku!" Kweli, tenga la kuku lilining'inia ubavuni mwa dungu.

Mkurugenzi aliketi miguu ikining'inia, akauliza kwa adabu, "Mama, nyumba yako hasa ni ipi, hii au ile?"

"Ile ya kulala, hii ya kula. Mkiniondoa hapa, kule nitalala na nini tumboni?"

Meneja alikuwa amegeuka upande, anatazama mpunga, na nikaona anajifuta macho. Kisha akafungua dodoso jipya akaanza kumwuliza Bi Mwanaisha maswali tangu la kwanza, pole pole, yeye aliyekuwa mtu wa haraka. Tukaenda dungu kwa dungu mpaka tukamaliza.

Ripoti ilichelewa. Ilisema wazi kwamba delta ile ina watu, inalimwa, na mwenye kuitaka azungumze nao kwanza. Mteja aliipokea, hakutupa kazi nyingine. Shamba la kamba halikuja. Sisemi ni kwa sababu yetu. Mambo makubwa yana vikao vyake, nami sikukalishwa humo. Ninachojua ni kwamba kampuni ilifungwa kama Meneja alivyotabiri.

Siku ya kufunga tulishusha kibao cha jina. Mkurugenzi akabaki na stuli moja ambayo haikupata mnunuzi. Akaifudikiza mlangoni, miguu juu, akaisogeza ikae sawa. "Wakiuliza," akaniambia, "waambie hatujahama." Nilicheka, halafu nikalia mbele yake bila haya. Hakurudi kufungua tena. Alirudi kwao kulima, na huko ndiko alikozikwa.

Mimi nilizunguka na kampuni nyingine: vipimo vya barabara Nyamwage, visima Umwe, wakubwa wa kila aina, wengine wema na wengine wa kujisikia tu. Nilipofikia kusimamia wadadisi, kila rasimu niliwauliza swali lile la Mkurugenzi. Wengi walinichukia kwa hilo, ikabidi wanizoee.

Sasa nimestaafu, nipo Kibiti. Watu huniuliza kampuni ile ilijenga nini, nami sina daraja la kuonyesha wala shule. Lakini siku moja sokoni nilisikia mtu akibishana juu ya mchele, nikaijua sauti. Alikuwa Meneja, mzee mwenye mkongojo, anapita kwenda kumtembelea mwanawe. Tulishikana mikono hatukuachiana.

"Mchele wa wapi huu?" akamwuliza mwuzaji, anajifanya mkali.

"Wa Mbuchi, mzee. Wa mwaka huu huu."

Meneja akachota kiganja kimoja, akaunusa, akafumba macho. Kisha akaushika mkono wangu, akanimiminia ule mchele kiganjani.

"Shika, Bi Rukia," akasema. "Hame letu lile."