Keki ya Wingu ya Kettle Bend

Verna Tuttle wa Kettle Bend, mji wa jangwani, alikuwa mwokaji, na msidhani mwokaji wa mchezo. Mikate yake ilikuwa miepesi hata ikabidi afunge madirisha isije ikapeperuka. Alizaliwa pale pale, akaolewa na mchomeleaji wa kiwandani, akamzika, akabaki na jiko lake, kuku wawili wenye kiburi, na heshima moja kubwa: keki ya Agosti.

Kila Agosti mji mzima ulikusanyika uwanjani kusherehekea bomu la atomiki, maana kiwanda chao ndicho kilichotengeneza kiini cha lile lililoangushwa Nagasaki. Verna alioka keki ya wingu lenyewe la bomu, lina shina na kofia kama uyoga, refu kuliko meya akisimama juu ya kiti. Watu walihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Wakifika sifuri meya anakata shina kwa chini, wingu linaangukia shuka iliyoshikwa na wazimamoto, watoto wanapiga kelele "Bumu!", kisha ni kula mpaka vifungo viruke. Mwaka mmoja kifungo cha kasisi kilimwangusha kunguru kutoka kwenye waya.

Sasa mwaka mwingine Verna alibakiwa na donge la unga wa biskuti. Meya Hobart Klemm, aliyezeeka naye, alikuwa amekuja jikoni kulamba mwiko.

"Hobart, hivi chini ya wingu kulikuwa na nini?"

"Wanajeshi tu."

Verna akaenda maktaba, akatazama picha za Nagasaki kabla ya bomu. Akarudi, akaoka kwa donge lile alichokiona: tramu kwenye reli yake, shule, kanisa, vibanda vya samaki, akina mama wakianika nguo na nepi. Akavipanga kuzunguka shina.

Hobart alipoviona nusura aumeze mwiko.

"Ondoa hivyo!"

"Wanajeshi gani hawa wanaoanika nepi, Hobart?"

"Usinichokoze, mama wewe! Mimi nilikuwa melini wakati wa vita. Bila bomu lile ningekufa kwenye ufuo wa Japani, hata ndevu sijaota."

"Najua. Na nashukuru hukufa, ingawa siagi yangu ingedumu zaidi." Kisha akashusha sauti. "Lakini mtoto wa shule hii alikukosea nini? Haya, tuseme ililazimu. Mbona basi tunalisherehekea kwa tarumbeta?"

"Visipoondoka, kuanzia mwakani keki anaoka mwokaji mwenzako Lurleen."

Verna akashika meza. Keki za Lurleen zilikuwa kavu hata mbwa wakizifukia kama mifupa. Na bila keki ya Agosti, nani angemkumbuka mjane mwenye kuku wawili? Akavua aproni, akaivaa tena. Hakuondoa hata nepi moja.

Siku yenyewe jua liliwaka mpaka mijusi wakatafuta viatu. Umati ukaanza: "Kumi! Tisa! Nane!" Walio mbele wakaiona shule. "Saba..." Wakaziona nepi. Kufikia tatu, alibaki mzee mmoja kiziwi akihesabu peke yake, mpaka mkewe alipomkanyaga mguu. Hobart alisimama kisu kikiwa juu, jasho linamtiririka, hakati wala hashushi.

Krimu ya keki, ikiyeyuka kwa jua, haikumngoja. Wingu likaanza kuinama, taratibu, upande wa shule.

Hobart akatupa kisu, akalikumbatia wingu kwa mikono miwili, krimu ikamwingia masikioni.

"Linaanguka! Mnashangaa nini? Kuleni! Kuleni kutoka juu!"

Basi ndipo Kettle Bend ilipokula. Wazimamoto wakaleta ngazi. Kasisi akachotea kwenye kofia yake. Lurleen mwenyewe alitumia viganja viwili, huku analia kwamba ni tamu mno, si haki. "Upande wa tramu, upesi!" meya alipiga kelele. Wingu likapungua, likapungua, shina nalo likaliwa, na juu ya ubao wa keki ukabaki mji mzima, nguo zingali kambani.

Hobart akaketi chini, mweupe kwa krimu mpaka kope. Akaiona tramu iliyolala ubavu, akaisimamisha kwa kidole kimoja.

"Kweli kulikuwa na shule?"

"Nyingi."

Watu wote walimtazama, wanalamba vidole.

"Na mwakani?" Verna akauliza.

"Mwakani oka wewe. Mji tu. Wingu liache."

"Kwa nini?"

"Mgongo unaniuma," meya akasema, akajipangusa jicho, akazidi kulitia krimu.