Mkono Aliopewa Mbwa

Andika kwamba sikumpenda yule mbwa, wala sitadai leo kwamba nilimpenda. Nimefuga mbwa tangu nilipokabidhiwa ng'ombe wa baba yangu, na kila mmoja alijua mahali pake: nje, kwenye mlango wa zizi, akila kilichosazwa na watu. Sikuwahi kumpapasa mbwa kichwani. Mbwa anayepapaswa husahau kubweka, na mbwa asiyebweka anakula bure.

Wewe mjukuu wangu unayeshika kalamu unacheka. Cheka, lakini usiongeze neno lako katika maneno yangu.

Wasomaji hawamjui mdogo wako, kwa hiyo waeleze. Ni mwana wa binti yangu, aliyepanga nyumba Kigera, mjini Musoma. Amefika umri wa shule, lakini hasemi. Daktari alisema ana usonji. Mimi sikusoma, na neno hilo sikulijua. Nililolijua ni kwamba hataki kuguswa. Wajukuu wangu wengine wanapokuja Butiama huinamisha kichwa, nami huweka kiganja changu juu yake, na hapo salamu huwa imetimia. Mdogo wako, tangu alipoanza kutembea, alipita chini ya kiganja changu kama mbuzi anayekwepa kamba. Nilibaki na mkono hewani mbele ya watu. Sikumlaumu. Nilisubiri, nikijiambia kwamba siku atakapomshika mtu kwa hiari yake, mtu huyo nitakuwa mimi, kwa sababu hakuna aliyesubiri kwa utulivu kuliko mimi.

Kitu pekee kilichomvuta kilikuwa maji. Mlango ukiachwa wazi, alishika njia ya ziwani. Alasiri moja wanawake wanaoanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa, walimkuta maji yamemfika kifuani, naye bado anatembea kuelekea kwenye kina kana kwamba ameitwa huko. Mama yenu alinipigia simu akilia.

"Baba, njoo ukae nasi. Huyu mtoto asipojifunza kuogelea, ziwa litamchukua."

Niliondoka Butiama na fimbo yangu na blanketi langu, nikiamini kwamba nimeitwa kumfundisha. Haikuwa imani ya kijinga. Maji nayajua. Nilipokuwa mvulana tulivusha ng'ombe katika Mto Mara, na hakuna aliyetufundisha kupiga mikono. Ulimshika mkia maksai mzoefu, ukaulaza mwili, ukaacha miguu ijifunze yenyewe kwa woga. Maksai hakugeuka kukutazama. Alikuwa na safari yake, nawe ulikuwa mzigo uliojining'iniza nyuma. Tulijua kuogelea kabla hatujajua kwamba tunafundishwa.

"Nitampeleka mimi majini," nilimwambia mama yenu.

"Tumeshapata mwalimu, Baba. Ni dada mmoja wa Kabasa, kule Bunda. Anafundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Ana mbwa wake."

"Mbwa wa kulinda nini?"

"Halindi kitu. Anaogelea nao."

Nilikiweka chini kikombe cha chai, na hamu ya chai hiyo haikurudi.

Mafunzo yalifanyika katika bwawa la nyumba moja ya wageni iliyo juu kidogo ya ziwa, maji yaliyozungushiwa vigae, yasiyo na mamba wala kichocho. Mbwa alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawia, masikio yamelala. Ana jina, sitalitaja. Alivalishwa koti la kuelea lenye kishikio mgongoni, nguo iliyo nzuri kuliko zangu. Mwalimu aliingia naye majini, akamwamuru atulie karibu na ngazi alipokuwa ameketi mdogo wako. Mbwa hakumsogelea mtoto. Alimpa mgongo, akangoja.

Ndipo nikaliona jambo nililolisubiri miaka yote. Mdogo wako alinyoosha mkono. Alikigusa kishikio, akakiacha, akakigusa tena, akakikamata. Mbwa alivuka bwawa akimvuta polepole, mwalimu akiogelea ubavuni mwao. Walipofika upande wa pili, mwalimu alimpa mtoto dagaa mkavu, naye akamlisha mbwa kwa kiganja chake. Kiganja kilekile ambacho mimi sijawahi kukishika. Ulimi wa mbwa ulikipangusa chote, na mtoto hakupiga kelele.

Mama yenu alilia kwa furaha. Mimi nilitazama pembeni.

"Babu, mbona umenuna?" aliniuliza mama mmoja Mwislamu, mke wa fundi cherehani wa pale mjini, aliyemleta binti yake mwenye miguu iliyokakamaa.

"Sijanuna. Jua linaniumiza macho."

"Jua liko nyuma yako, Babu."

Katika kikapu chake alikuwa na mfuko wa udongo safi, kwa kuwa dini yake humtaka aliyelowana na mbwa aoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo.

"Mimi namuoshaga mwanangu mpaka vidole vyangu vinachubuka," alisema, "na wiki ijayo namleta tena. Wewe huoshi chochote, unalalamika nini? Au unamwonea mbwa wivu?"

"Mtu mzima hamwonei mbwa wivu."

"Haya. Basi uambie mguu wako uache kumsukuma."

Ni kweli, mguu wangu ulikuwa ubavuni mwa mbwa. Alikuwa ametoka majini na kujilaza chini ya benchi nililokalia, nami niliona kwamba benchi lina mwenyewe.

Kuanzia hapo nilimchunguza yule mnyama kama mtu anavyomchunguza jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Huyu hakuwepo mdogo wako alipougua surua. Hakumtafuta kwenye matete huku akiita jina ambalo mtoto haliitikii. Amekuja jana na koti lake, amegeuza mgongo, amepewa mkono. Nilinunua dagaa wanono kuliko wa mwalimu, nikawaweka kwenye kiganja changu na kumwita mdogo wako. Alikuja. Aliwadonoa mmoja mmoja kwa ncha za vidole, kama kuku, bila kuigusa ngozi yangu, kisha akawapeleka wote kwa mbwa.

"Asante, Babu, kwa kumkumbuka mbwa wetu," mwalimu alisema.

Alisema kwa moyo mweupe. Nilimwitikia kwa kichwa.

Miguu ya mtoto ilianza kufanya kazi. Alipiga maji vizuri, akajifunza kuinua kidevu. Kilichobaki, mwalimu alieleza, ni kuzoea kugeuka na kurudi ukingoni, kwa maana mtoto anayejua kurudi ukingoni hazami kirahisi. Kisha mbwa akakanyaga ndoana mwaloni. Alifika bwawani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, na haikuruhusiwa alowe mpaka kidonda kikauke. Sitasema kwamba nilisikitika.

Mdogo wako aliketi kwenye ngazi na kuyapiga maji kwa viganja, ndiyo njia yake ya kumwita. Mbwa alilia kivulini, akataka kuinuka, mwalimu akamzuia. Mtoto akapiga tena. Mwalimu akaingia majini peke yake na kumpa mgongo, mtoto akamkataa. Mama yenu akajaribu. Akamkataa kwa mayowe. Kisha mayowe yakakatika ghafla, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisimama, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye geti. Nje ya geti lile, chini mteremkoni, ziwa lilionekana lote, linang'aa.

Mama yenu alikimbia akasimama getini. Mtoto alimsukuma kwa kichwa, macho yako ziwani.

"Akienda kule sasa," mwalimu alisema, "ataingia kama alivyozoea, bila kugeuka."

Niliinuka kwenye benchi. "Nivalishe hilo koti."

"Babu, hili ni la mbwa."

"Naliona. Nivalishe."

Halikunitosha. Mikanda yake ilikoma mbavuni. Mke wa fundi alivua leso yake ya mabegani, akaipitisha kwenye mikanda na kuifunga kifuani pangu.

"Nitaiosha mara saba," alisema. "Jamani, watu wa Butiama wakikuona leo!"

"Kaza fundo. Utacheka baadaye."

Niliteremka ngazi nikiwa na suruali yangu, nikayapiga maji kwa viganja kama mtoto alivyofanya. Pale getini aliisikia sauti ile. Alirudi. Alipofika ukingoni, mazoea yangu yalinishinda: niligeuka, nikamtazama, nikamnyooshea mkono. Alirudi nyuma hatua moja.

"Usimtazame, Babu," mwalimu alininong'oneza. "Mpe mgongo."

Sikuhitaji kuambiwa tena. Nilielekeza uso upande wa pili na kungoja kama maksai aliyeyaona malisho ng'ambo. Maji yalikuwa baridi na magoti yaliniuma. Nyuma yangu hakukuwa na sauti yoyote. Kisha leso ikanikaza kifuani, na nikajua kwamba kuna mtu amekamata kishikio.

Sikugeuka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilivuka nikipiga mikono taratibu, na miguu yake midogo ilipiga maji, mara nyingine ikinipiga mimi mapajani. Koti lilinuka mbwa mpaka kwenye koo langu. Najua vizuri alichokifuata mtoto, wala usiandike kwamba alinifuata mimi.

Tulipofika ng'ambo, mwalimu, kwa mazoea ya kazi yake, alimpa mtoto dagaa mmoja. Mdogo wako alimtazama dagaa. Akanitazama mimi, mdomoni, si machoni. Kisha akaleta kiganja chake mbele ya uso wangu.

Mimi ni mtu ninayeketi na wazee wenzangu kuamua mashauri. Halishwi mtu kama mimi, tena mbele ya wanawake, tena chakula cha mbwa.

Nilifungua mdomo. Dagaa alikuwa na mchanga, kwa kuwa ameanikwa juu ya mchanga. Kiganja kilibaki kwenye midomo yangu, laini, kimesinyaa kwa maji, mpaka nilipomaliza kutafuna.

Chini ya benchi langu, mbwa aliinua kichwa akatutazama. Sikumbakizia hata kichwa cha dagaa.