Siku Nilipotumwa Diani kwa Miguu

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, kidole gumba changu hutafuta kengele ya baiskeli. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, bendera bado mpya, nami kijana wa Msambweni mwenye nguvu za miguu na wasiwasi mwingi kichwani.

Nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia. Cha kwanza, baiskeli nyeusi niliyoachiwa na marehemu baba. Cha pili, kamera ya sanduku niliyopewa na Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akifunga nyumba yake ili arudi kwao. Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Nilikisoma kijikaratasi kilichokuwa mkobani mpaka kikachanika mikunjoni, na mengine nikayajua kwa kuharibu. Filamu moja ilitoa picha nane tu, na kuisafisha ilibidi uvuke kivuko cha Likoni uende kwa mpiga picha wa Mombasa. Basi kila picha niliiogopa.

Nitakuambia kweli, maana uzee umeniondolea aibu: kukosea nilikuogopa kuliko chui. Nilikuwa nikisimama mbele ya ua, nikipima kivuli, nikisogea, nikirudi, nikisogea tena, kisha naondoka bila kupiga. Picha ikitoka na doa dogo tu, niliichana. Mama alikuwa akivikuta vipande uani, akisema, "Mtoto huyu atamchana hata mkewe akizeeka."

Katika picha zote nilizozitamani, moja ilininyima usingizi: picha ya mbega wa msitu wa Diani, wale kima weusi wenye mabega meupe na mikia mirefu. Nilikuwa nimesikia kwamba jua likichomoza hupanda juu ya miti kuota joto, na mwanga wa wakati ule huwaangukia kama samli. Asubuhi moja nikaswali alfajiri upesi upesi, Mungu anisamehe, nikaipanda baiskeli nikaenda mbio.

Sasa, kwetu huku ipo desturi ambayo hata mtoto aijua. Ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mtu mzima, unashuka. Unaishika baiskeli kwa mkono mmoja, unaamkia, unauliza hali, unajibu unakotoka na unakokwenda, na hupandi mpaka yeye ameshapita. Sikuwa siijui. Lakini nilipoingia ile njia nyembamba ya msituni, mbele yangu akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, na jua limeshaanza kugusa vilele vya miti. Nikapiga kengele. Nikaipiga tena. Bibi akajisogeza kwenye miiba, nami nikampita kama mshale.

"Niwie radhi, bibi!" nikasema bila kugeuka. "Mwanga unapotea!"

Nikamsikia nyuma yangu: "Unapotea? Kwani ulikuwa wa kwako?"

Nilicheka, mwanangu. Mbega sikuwaona. Baiskeli yangu ilivyokuwa ikilia kwenye mizizi, hata konokono angekimbia.

Haikupita wiki, mjomba wangu Bakari akaniambia siku ya posa imefika. Nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Diani, Mwanamisi, niliyemwona kwenye harusi ya binamu yangu, akiwacheka watu waliokosea kucheza. Kijana mposaji kwa kawaida haendi; wazee ndio wasemao. Lakini mjomba alikuwa na goti bovu, ikabidi nimpakie nyuma ya baiskeli. Tulipofika, watoto walikuwa wamejaa njiani. Kwa mazoea tu, nikapiga kengele.

Ndani ya ua sauti ikasema, "Kengele hiyo naijua."

Akatoka bibi. Ni yule yule, na mkononi mikwaruzo ya miiba bado haijapona. Ndiye Bi Mwanatumu, nyanya yake Mwanamisi, na katika nyumba ile lisilomridhisha yeye halikufanyika.

Mjomba, maskini, hakujua lolote. Akakaa mkekani akaanza maneno yake mazuri. "Dada yangu, tumekuja kuomba. Kijana wetu ni mwema. Halewi, haibi, na ni fundi wa kupiga picha."

"Kupiga picha anajua," akasema Bi Mwanatumu. "Kushuka baiskeli je?"

Mjomba akanitazama. Uso umeumbwa na haya. Mimi nikatazama chini.

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa nauwahi mwanga, niwapige picha mbega."

"Nakumbuka. Uliupata?"

"Sikuupata."

"Na hao mbega ulionisukumia miibani kwa ajili yao, uliwaona?"

"Sikuwaona, bibi."

Nyuma ya ukuta wa makuti nikasikia kicheko kikibanwa. Nilikijua ni cha nani, nikatamani ardhi inimeze.

Lakini bibi hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, na maneno yale ninayo mpaka leo: "Sikiliza, baba. Miiba si kitu, imeshanichoma mingi. Mimi nawaza hivi. Nikimtoa mjukuu wangu aende Msambweni, akaugua huko, nani ataniletea habari? Wewe? Habari huja kwa njia ile ile uliyoipita mbio, hutoka kinywa cha huyu zikaingia sikio la yule. Mtu asiyeshuka baiskeli hana wa kumtuma, na mkewe naye hana wa kumtuma. Nimpeleke kwa mtu ambaye njia haimjui?"



"Rudini salama," akasema bibi. "Kisha huyu aje tena, peke yake, kwa miguu. Kila atakayekutana naye amwamkie, ajitaje jina, aulize hali na asubiri ajibiwe. Akifika tutazungumza. Kama ni kupita tu, asijisumbue."

Tukashika njia ya kurudi. Tulipokaribia Gazi ndipo mjomba aliponiambia kutoka nyuma: "Mimi nilikuja na maneno ya kutosha kutwa nzima. Wewe umeyamaliza kwa kengele moja."

Siku niliyokwenda niliichukua kamera, kwa kuwa kuiacha ilikuwa kama kuuacha mkono. Ndani mlikuwa na filamu nzima. Kwa miezi nilikuwa sijathubutu kupiga hata picha moja. Mwanzoni niliamkia kama mtu anayelipa ushuru: shikamoo, shikamoo, huku miguu inakwenda. Kabla ya Gazi sauti ikanishukia kutoka juu: "We kijana! Unamwamkia nani, mimi au mnazi?"

Alikuwa mgema, Mzee Nyawa, yuko kileleni na kibuyu chake. Nikasimama. Alishuka polepole, mguu mmoja ukimsumbua, akafuta mikono, akaniuliza jina. Nilipojitaja na kueleza ninakokwenda, akajipiga paja. "Kengele! Kumbe ndiye wewe!" Habari ilikuwa imenitangulia. Alinipasulia dafu, akanieleza jinsi alivyoanguka mnazini mwaka uliopita, na mimi, kwa mara ya kwanza, nikangoja mtu amalize hadithi yake.

Mbele, kwenye mto Mkurumudzi, wanawake walikuwa wakifua. Nao walikuwa wameshaisikia. "Bwana Kengele, tupige basi!" Nikaitoa kamera, nikaanza mambo yangu: kupima, kusogea, kurudi nyuma. Mmoja wao akaniambia, "Baba, sabuni inakauka." Wakaangua kicheko wote, na mimi nikabonyeza palepale, bila kupima. Nilijiona kama niliyevunja sahani ya watu. Kisha mdiria, yule ndege mdogo wa buluu, akaruka kutoka kwenye tawi akaingia majini, akatoka na kisamaki. Njia ile nilikuwa nimeipita mara nyingi kwa baiskeli nisijue kwamba ana tawi lake hapo.

Hivyo ndivyo siku ilivyokwenda. Nilijifunza kwamba mkorosho una harufu yake mchana na nyingine jua likipoa, na kwamba mchanga wa Msambweni na wa Diani haulii sawa chini ya viatu. Filamu nayo ikaliwa, picha hadi picha: mzee na mbuzi wake, mama aliyetaka apigwe na cherehani yake.

Nilifika wakati wa alasiri, nyayo zimevimba. Bi Mwanatumu alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakusimama.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza yote. Alikuwa akikuna tu, chururu, chururu, kama hasikii. Halafu akauliza, "Na Nyawa, mguu wake umepona?"

"Haujapona sawasawa, bibi. Anasema wingu likitanda humuuma, na dawa ya mafuta uliyompa imekwisha."

Mkono wake ukasimama. Akanitazama, akasema, "Piga basi na mimi. Wamepigwa wote mpaka mbuzi."

Picha ilikuwa imebaki moja. Nilimwomba atulie; akasema yeye hajatulia tangu azaliwe. Nikabonyeza huku kichwa amekigeuza anamfukuza kuku. Nilijua imeharibika. Na hapo hapo, mwanangu, matawi yakatikisika juu ya paa la jikoni. Mbega. Kundi zima, na mama mmoja amemkumbatia mtoto mweupe pepepe, na jua la jioni likiwapita manyoya ya mabegani likawafanya wawake. Ndiyo ile picha niliyoikosea usingizi, na filamu imekwisha.

Bi Mwanatumu alikuwa akinitazama mimi, si wao. "Baba," akaniambia polepole, "mwanga unapotea."

Nikasema, "Na upotee, bibi."

Nikakaa chini, nikawatazama mpaka walipoondoka. Nyuma yangu nikamsikia akiita, "Mwanamisi! Mletee mgeni maji ya kunawa miguu."

Tulioana baada ya mavuno. Sasa ningeweza kuishia hapo, lakini lipo moja ambalo bila hilo ungedhani bibi alitaka adabu tu.

Mwanamisi alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nilikwenda Mombasa kusafisha filamu, nikalala huko kwa jamaa. Siku ya pili nilikuwa narudi na baiskeli. Nilipofika Mkurumudzi nikaona wanawake wamesimama barabarani. Nikataka kushuka, kama ilivyokuwa desturi yangu siku hizo. Wakanipigia kelele: "Usishuke! Leo usishuke!" Mmoja akakimbia kando yangu: "Mkeo ameshikwa na uchungu tangu jana, mzito! Bibi keshapita!" Na Mzee Nyawa naye, kutoka juu ya mnazi wake: "Pita, Kengele, pita! Leo tumekusamehe salamu!"

Nilikanyaga pedali huku nalia. Nyumbani nikamkuta Bi Mwanatumu ameketi mlangoni, vumbi limempanda mpaka magotini. Habari ilikuwa imetoka Msambweni ikapita kwa mgema, ikavuka mto, ikamfikia Diani usiku uliotangulia. Na yeye ndiye mkunga aliyejua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Ndani kulikuwa na kilio kidogo, chembamba.

"Umechelewa," akaniambia. "Njia imewahi."

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, bibi na Mwanamisi wangu. Msitu umebaki vipande vipande kati ya hoteli. Ile picha ya bibi ilitoka imepinda, kichwa kimefifia kama moshi, na kuku ameonekana kuliko yeye. Niliishika kuichana. Mwanamisi akanipokonya, akaitia ndani ya kioo mwenyewe. Iko ukutani kwangu, na zile nyingine nzuri zisizo na doa sijui hata ziko wapi.

Basi, mwanangu, nawaona mnavyopita siku hizi barabara ya Ukunda, vijana wa kike na wa kiume, kofia ngumu vichwani na simu zimefungwa kwenye usukani. Nafurahi. Endesheni, tembeeni, pigeni picha. Nchi hii ni nzuri na haijamchosha mtu bado. Lakini mtu mzima akikutokea, shuka. Muulize hali, na usimjibu huku miguu inakwenda. Ukimwona mdiria, mtazame kwanza, kamera baadaye. Na picha ikipinda usiichane, hujui nani atakuja kuihitaji. Nawe mwenye wasiwasi kama mimi, unayelala ukihesabu ulipokosea, nakuambia hivi: mwanga haukuwa wako, kwa hiyo hukuupoteza wewe. Kesho utakuja tena, uwepo wewe usiwepo. Mwenda pole hajikwai, na hata akijikwaa, huinuliwa na wale aliowaamkia.

Mungu akufungulie njia, akuwekee juu yake watu watakaolijua jina lako. Na siku ya shida yako, inshallah, uwakute wamesimama barabarani wakikuambia: leo usishuke.