Mlima wa Siku Tatu

Naikumbuka Pasaka moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mama mkubwa asinisikie nikisema hivyo.

Kaa hapo, weka hiyo simu chini kwanza. Picha ya mlima nimeshaiona. Umesema wewe na wenzako wa kazini huko Nakuru mnataka kupanda Mlima Kenya mpaka juu, mwende Jumamosi na Jumatatu muwe mmerudi. Nilipokuuliza kwa nini msiende ule mlima mdogo wa Longonot, ulicheka, ukaniambia, "Baba mkubwa, Longonot ni ya watoto wa shule." Nilishtuka. Maneno hayo niliyasema mimi, hapa hapa Elburgon, nikiwa na umri wako na kichwa kigumu kuliko chako.

Nilikuwa nafanya kazi kwa kiwanda cha mbao. Pasaka hiyo tulipewa siku tatu, na mimi nilikuwa nimewatangazia vijana wote wa kiwandani kwamba Jumanne nitakuja na picha niliyopigwa kileleni. Wazee waliponiuliza kama siku tatu zinatosha, niliwajibu kwamba sisi watu wa Elburgon tumezaliwa kwa baridi, tumelelewa huku juu karibu na msitu wa Mau, sasa mlima utatufanya nini? Ujinga huo ni wetu sisi wa huku. Mtu wa Mombasa angalau anajua kwamba anaogopa baridi.

Nikamchukua ndugu yangu mdogo, Njoroge, baba yako huyu huyu, ambaye alikuwa ametoka tu shule. Mama alinishika mkono mlangoni akasema, "Huyu nimekukabidhi." Nikasema sawa, Mama, huku nikiangalia kama gari limefika.

Kule kwenye geti la mlima tulipata kiongozi wa kupandisha watu, mzee Muriuki, mtu mfupi na wa maneno machache. Alipohesabu siku zetu alitikisa kichwa. "Mlima huu unataka siku ya kukaa tu, mwili uzoee hewa. Hiyo siku nyinyi hamna." Nilimbembeleza mpaka akakubali, lakini kwa sharti moja. "Jioni naangalia sahani," akasema. "Asiyekula, hewa imemshinda; asubuhi anateremka, na sisi wote tunateremka naye."

Siku ya kwanza tulienda vizuri. Ya pili tulifika kambi ya juu jua likiwa bado liko, na baba yako akakaa juu ya jiwe, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tukaletewa wali, kabichi, na mayai mawili ya kuchemsha kwa kila mtu. Akaninong'onezea, "Kichwa kinanipasuka. Siwezi kula, nitatapika."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Niliangalia kilele. Kilikuwa karibu, nikajiona nimeshakifikia. Nikamwangalia mzee Muriuki, amegeuka, anahangaika na stovu yake. Nikavuta sahani ya ndugu yangu nikaila yote: wali, kabichi, mayai yote mawili. Nikamrudishia tupu, nikamwambia, "Nyamaza. Kesho utakuwa sawa." Mzee akaja, akaona sahani mbili safi, akaridhika.

Asubuhi baba yako alikuwa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nilipomwita aliniangalia kama hanijui. Alisimama, akapepesuka kama mlevi, akaanguka akakaa. Mzee Muriuki alichuchumaa mbele yake, akaniuliza bila kugeuka, "Huyu jana alikula?"

"Alikula," nikasema.

"Kijana. Nimeuliza huyu alikula?"

Mwanangu, nililia. "Nilikula mimi, mzee. Changu na chake."

Hakunitukana wala hakunipiga, ingawa ningefurahi angenipiga. Alimbeba baba yako mgongoni, akaniachia mizigo yote, tukaanza kuteremka. Nilitembea nyuma yao nikiangalia miguu ya ndugu yangu ikining'inia, nikijiuliza nitamwambia nini Mama. Tuliteremka saa nyingi. Tulipofika kwenye miti, baba yako aliinua kichwa akauliza, "Chai iko?" Nikakaa palepale njiani, nikalia tena kama mtoto.

Hapo ndipo mzee aliponiambia neno lake. "Mlima hauendi mahali, kijana. Aliyekuwa anaenda ni ndugu yako."

Nyumbani, Mama alipomwona alivyosawijika, akauliza kumetokea nini. Kabla sijafungua mdomo, Njoroge akasema, "Ni mayai, Mama. Mayai ya huko yalikuwa mabaya." Na mimi, haki ya Mungu, nikanyamaza. Tangu siku hiyo baba yako hali mayai, ili uongo aliosema kwa ajili yangu usijulikane. Nyinyi watoto mmemcheka miaka yote hii, ati mzee ana tumbo laini. Kule juu hakula yai hata moja, mwanangu. Nilikula mimi.

Basi sikuambii usipande. Panda. Lakini chagua mlima kwa siku ulizo nazo, si kwa picha unayotaka kuonyesha watu. Ukiwa na wikendi tu, nenda Longonot, uzunguke ukingo wote wa lile shimo la volkano lililo juu yake, na jioni magoti yakikuuma utanieleza kama ni ya watoto wa shule. Ule mkubwa uuache mpaka upate likizo ndefu, na ndani yake iwe na siku ya kukaa bure. Anayechoka kwanza ndiye awapangie mwendo. Na mwenzako akikuambia kichwa kinamuuma, mwamini, usimfichie, geukeni mteremke hata kama kilele mnakiona kwa macho.

Mungu akupe miguu yenye nguvu, na shingo ya kugeuka kumwangalia aliye nyuma yako. Akupandishe salama, akurudishe na wote ulioondoka nao.

Haya, simama uende kabla mvua haijaanza. Kuku wangu wametaga vizuri wiki hii. Mpelekee baba yako mayai haya sita, umwambie nimekusimulia yote. Sasa anaweza kula.