Siku Niliyokosa Swali

Kama sabuni isingeadimika mwaka ule, nadhani nisingekigundua. Nyumbani tulizoea kuoga kwa dodoki, lakini dodoki linakula sabuni, na kipande tulichogawiwa kwenye duka la kijiji kilitakiwa kitufikishe mwisho wa mwezi, mimi, mume wangu na watoto watatu, kuoga na kufua humo humo. Basi nikaliweka dodoki juu ya paa, nikawa napaka povu kwa kiganja, polepole. Jioni moja, nyuma ya uzio wa makuti, kiganja kilipita juu ya titi la kushoto, kikaenda zake, kisha kikarudi chenyewe. Palikuwa na kitu.

Ningependa kusema kwamba nilishtuka, maana ndivyo mwanamke mwenye akili timamu angefanya. Mimi nilitaka kwanza kujua ni kitu gani. Pale kijijini kwetu, upande wa Janga, kazi yangu katika shamba la kijiji ilikuwa kuchagua mbegu. Wenzangu walishika majembe, mimi nilikaa mkekani na ungo, nikitenga kunde na mahindi ya msimu ujao, na baada ya miaka kadhaa nilikuwa nachagua huku napiga soga na kuangalia kwingine, vidole vikifanya kazi yao. Mbegu iliyobunguliwa ni nyepesi, iliyovunwa mbichi inabonyea. Kwa hiyo jioni ile, povu likinikaukia mwilini, nilikipima kama mbegu. Kilikuwa kikubwa kuliko kunde, kidogo kuliko korosho. Kigumu, ila si ugumu wa jiwe. Nikikisukuma kinakwepa, nikikiachia kinarudi. Nilikisukuma mara nyingi mpaka mtoto wangu wa kwanza akaniita kuuliza kama nimelala bafuni.

Hofu ilikuja baadaye, nilipokuwa nasonga ugali, na ilikuja kupitia maneno. Wakubwa wa kwetu walikuwa wakisema “donda la ziwa”, saratani ya titi kwa maneno ya leo, na walipoyatamka walishusha sauti na kuhakikisha sisi wasichana hatupo karibu. Nilikuwa nimeyasikia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili ilikuwa msibani. Mwiko ukasimama mkononi mwangu, ugali ukashika chini. Usiku huo tulikula kilichopatikana, na mume wangu, kwa hisani yake, akaomba aongezewe.

Toka siku hiyo sikukiacha. Nilikishika asubuhi kabla sijala, nikakishika nikitoka shamba, nikakishika siku ya baridi na siku ya joto, kuona kama kinabadilika. Kwenye pindo la kanga nikafunga punje ya kunde, mbegu ya mbaazi na korosho moja mbichi, na kila nilipopata upenyo nilijificha nyuma ya mlango nikalinganisha. Niligundua jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulieleza vizuri. Mkono ukiwa pale, nikichunguza, hofu hukaa pembeni na kunisubiri. Nikiutoa tu, inanirukia. Basi nikawa siutoi. Hata kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti akieleza habari za mbolea, mimi nilikuwa na mkono ndani ya gauni.

Mume wangu aliona, akaniuliza nina nini. Nikamjibu viroboto. Jibu lilinitoka lenyewe na niliona limetosha, lakini yule bwana ni mtu wa vitendo. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alilitoa godoro letu la sufi juani, akalipiga fimbo pande zote, akaanika na mito, akafagia mvunguni, akachoma majani ya mwarobaini chumba kizima mpaka tukatoka tunakohoa. Usiku akaniuliza kama nimepata nafuu. Nikamwambia nimepata. Nilijigeuzia ukutani na mkono wangu ukarudi mahali pake, nikajiona mtu mbaya sana.

Mama yangu alikuwa hai, na msomaji wa leo atauliza kwa nini sikumwendea. Kwetu mambo ya mwili hayapelekwi kwa mama. Mama anaona haya nawe unaona haya. Mambo hayo yana mwenyewe, naye ni somo, yule mwanamke uliyekabidhiwa kwake siku ulipovunja ungo. Mimi nilivunja ungo mwaka mmoja baada ya Uhuru, kijijini Masaki, Kisarawe, nikawekwa ndani kwa miezi, na somo yangu ndiye aliyeniogesha, akanifundisha kujihifadhi, akaniambia mume ni nini na uzazi ni nini. Mwali anatakiwa asikilize na kuitikia. Mimi nilikuwa namkatiza kila neno nikiuliza kwa nini. Alinifinya mapajani mpaka nikawa na alama, na bado niliuliza. Mwisho alichoka akaniita Mwali wa Kwa Nini, na hata nilipoolewa nikahamia huku Janga, karibu na Mlandizi, salamu zake zilinifikia kwa jina hilo.

Nilihitaji ruhusa ya kusafiri. Nikamwambia mume wangu kwamba somo yangu anaumwa sana. Ulikuwa uongo mtupu, niliutunga nikiwa napepeta mpunga. Alinionea huruma, akanichinjia kuku nimpelekee mgonjwa. Watoto nikawaachia mama mkwe.

Nilitoka alfajiri kwa miguu mpaka stesheni ya Soga, nikavuka reli, na mbele kidogo nikapata lori lililokuwa linakwenda kuchukua mkaa. Nilikaa nyuma juu ya magunia matupu, kuku wa kukaanga mapajani, nikashuka Masaki nimekuwa mweusi kama mkaa wenyewe. Somo yangu alikuwa barazani anamenya mihogo ya makopa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye ugoro mdomoni kila saa. Nikampigia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniangalia juu mpaka chini, akasema nikanawe kwanza maana hajui anasalimiana na nani.

Sikuweza kungoja mpaka tule. Nilimwambia pale pale, kwa sauti ya chini. Aliweka kisu, akanishika mkono, akaniingiza chumbani na kufunga mlango, chumba kile kile alichokuwa akinifinya. Alifumba macho alipokuwa ananipapasa. Vidole vyake vilikuwa bado na utomvu wa mihogo na vilinata kidogo. Alikipata haraka, akakizungusha, akakisukuma, akakingoja kirudi, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Nilihesabu pumzi zake.

“Tezi hili,” akasema. “Linacheza. Utakufa na njaa kabla halijakuua. Hata mimi ninalo, toka ujana wangu, na niko hapa nakumenyea mihogo.”

Nikamuuliza kwa nini tezi linakuja. Nikamuuliza kwa nini upande mmoja. Nikamuuliza kama linakwisha lenyewe, na kama halikwishi kwa nini. Alicheka, akafungua kanga yake, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kulia, nione mwenyewe ninyamaze.

Kitu cha kwanza vidole vyangu vilichoniambia ni kwamba hiki hakichezi. Nilikisukuma taratibu na kwa adabu, maana ule ulikuwa mwili wa somo yangu, na hakikwenda popote. Kilikuwa kimeshika chini kama kisiki, kingo zake hazieleweki zinaishia wapi. Nikaangalia. Ngozi juu yake ilikuwa imevutwa ndani, na chuchu imezama. Yeye alikuwa anaendelea kuzungumza, ananisimulia jinsi wanawake wa siku hizi tulivyo waoga. Nilitoa mkono, nikamfungia kanga yake vizuri kifuani. Nikasema asante somo, na tukatoka nje kumalizia mihogo.

Jioni ile nzima sikukigusa kinundu changu. Nilikisahau, na nilipokikumbuka niliona aibu kwamba nimekisahau. Nilimfikiria yeye, na niliufikiria ule uongo wangu. Nilikuwa nimesema anaumwa, na nimemkuta anaumwa. Mimi si mtu wa kuamini kwamba maneno yanaleta ugonjwa, nimebishana na wengi juu ya hilo, lakini nilimtazama anamtafuna yule kuku wa mgonjwa na kipande changu nikakirudisha kwenye sahani.

Kumwambia nenda hospitali ilikuwa haiwezekani. Angenitukana, angesema hospitali ni ya watu wanaoumwa, na angebaki barazani kwake. Kwa hiyo kulipokucha nikatunga hila. Nilimwambia nimeamua kwenda kwa daktari Kisarawe mjini kuhusu changu, lakini naogopa kwenda peke yangu, anisindikize. Nilikunja uso na sauti nikaitetemesha. Nilitegemea atanichamba kwa muda mrefu. Alitema ugoro, akaingia ndani, akatoka na doti mpya ya kanga na viatu vyake vya Idi.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, na ilionekana naye aliona haya kidogo. Alinipima mimi kwanza, akasema uvimbe wangu ni wa aina inayowapata wanawake wengi wa umri wangu na kwa kawaida hauna madhara, ila watautoa wahakikishe. Nilipaswa kufurahi. Nikasema bado mwenzangu. Somo yangu alinigeukia, nami nikajiandaa kwa tusi. Akafungua fundo la kanga yake mwenyewe, bila haraka.

Daktari alimpapasa kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza hali ile imeanza lini.

“Masika ya mwaka juzi,” akajibu.

Mimi alikuwa ameniambia toka ujana. Nilimwangalia, naye alikuwa anaangalia dirisha.

Mimi nilitolewa changu pale pale wiki iliyofuata, kwa sindano ya ganzi, na nilipomaliza kushonwa nikaomba kukiona. Muuguzi alidhani nimechanganyikiwa. Kilikuwa cheupe, laini kwa juu, kidogo kuliko nilivyokuwa nakipima gizani, na nakiri kwamba nilikitazama kwa furaha, kama mtu aliyeteguliwa kitendawili. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri. Somo yangu alipelekwa mjini Dar es Salaam, wakaliondoa titi zima. Alirudi Masaki, akaishi misimu minne ya korosho, mitatu kati ya hiyo akiwa na nguvu zake. Mume wangu nilimweleza yote, na kuhusu viroboto pia. Hilo la viroboto ndilo lililomuudhi.

Ilikuwa msimu wa tatu nilipomtembelea tukakaa tena barazani kwake na kilima cha mihogo mbele yetu. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa bapa na hakuhangaika kuuficha. Hatukuwahi kuizungumzia siku ile chumbani. Aliianza yeye, bila kunitazama, kisu kikiendelea.

“Nilikuwa nadhani nimejizoesha kutolijali,” akasema. “Lakini wewe nilikulea na kwa nini zako mpaka kichwa kikaniuma. Siku ile nimeuweka mkono wako hapa, hukuniuliza hata moja. Ndipo nikajua.”

Nilimalizia kumenya muhogo niliokuwa nao mkononi. Kisha nikamuuliza, kwa sababu ndivyo nilivyo, na kwa sababu swali hilo lilinijia hapo hapo: kama alijua, basi alijua pia kwamba safari ya Kisarawe ilikuwa hila yangu ya kumfikisha kwa daktari. Kwa nini alikubali kunisindikiza bila hata kunitukana?

Aliokota muhogo mwingine, akaupangusa udongo kwa pindo la kanga.

“Hila ipi?” akasema. “Ulikuwa unaogopa, mwali wangu. Ningekuacha uende peke yako?”