Mikono ya Fanueli wa Korona

Fanueli alikuwa mtu wa korona. Kwa asiyejua, korona ni ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, ziitwazo singa, na maji yake huruka huku na huku kama mvua ya kijani. Maji yale yanawasha, na yakikaa kwenye ngozi yanakula. Miaka kumi na mmoja Fanueli alisimama pale, katika shamba moja la upande wa Pongwe, akipokea singa mbichi zikitoka, na mikono yake ikabaki mizima. Wenzake walimshangaa. Yeye alidhani ndivyo alivyoumbwa.

Mwaka wa hamsini na tatu, kabla ya vuli, mkewe Beatrisi akashikwa na homa siku nne, ya tano akafa. Wakamzika makaburi ya kambi ya wafanyakazi, nyuma ya kanisa la makuti. Fanueli hakulia. Jamaa zake wakasema mwacheni, kilio kitamkuta njiani. Hakikumkuta njiani wala nyumbani. Siku ya tatu alirudi zamu, akala alichopewa, akalala upande wake wa kitanda.

Kwao mfiwa hapaki mafuta mpaka wazee waondoe matanga. Wazee walikuwa Mlalo, mbali milimani, na ruhusa ya kwenda huko haikupatikana kabla mwaka haujaisha. Basi akakaa hivyo hivyo. Na kwa kuwa harufu ya mkonge sasa ilimkera kuliko zamani, kila jioni alichovya mikono katika maji ya magadi akaisugua kwa dodoki mpaka povu likawa jekundu.

Baada ya miezi miwili mikono ilikuwa magamba ya kenge, imepasuka kwenye kila kiungo. Kisha ikaacha kuuma. Siku moja singa ilimkata kiganjani, naye akaendelea na kazi.

"We Mshambaa!" nyapara wao, Msafiri, akapiga kelele. "Unatutilia nakshi singa za Mzungu?" Akaja akicheka, akauona mkono unavyovuja damu, akaacha kucheka. "Husikii?"

"Sisikii."

"Twende kwa dresa."

Dresa wa shamba aliitwa Luka, kijana mpole aliyefunga vidonda vya kambi nzima. Alimfumbisha macho Fanueli, akachukua pini.

"Nimegusa wapi?"

"Bado hujaanza."

Luka alikuwa ameshachoma mara sita. Akaiweka pini chini.

"Mzee Fanueli, sikufichi. Mtu asiyesikia pini namwandika kwenda kambi ya wakoma, na huko ni mbali, harudi kesho. Lakini gamba hili ni nene, labda pini haijamfikia mtu mwenyewe. Nakupa wiki mbili. Gamba likitoka nitakuchoma tena. Ukisikia, unabaki. Usiposikia, unapanda lori."

Fanueli akaitikia. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akipalilia kaburi la Beatrisi. Akipanda lori, nani atalipalilia? Alijiuliza kama mtu anayejiuliza iwapo mvua itanyesha.

Msafiri ndiye aliyemsukuma kwa Bi Mwanasiti, mama wa Kidigo aliyepika mafuta ya nazi karibu na njia ya reli. Fanueli alimkuta anakoroga tui jikoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mume wa Beatrisi. Lete mikono." Akaitazama juu na chini. "Umeifanya nini?"

"Nimeiosha."

"Kwa msasa?"

"Kwa magadi. Na dodoki."

"Lo! Ngozi hiyo au sufuria? Na mafuta ulipaka lini?"

"Mimi sipaki mafuta, Bi. Sijawahi."

Bi Mwanasiti akaacha kukoroga. "Hujawahi? Na mkeo alikuwa akichukua chupa hapa kila Jumamosi, miaka yote hiyo. Ulidhani anakunywa?"

Fanueli akakumbuka. Kila alfajiri, kabla ya zamu, Beatrisi aliishika mikono yake akiisugua. Na kila jioni akishamnawisha, kabla haijakauka, aliivuta mapajani pake, akaipapasa huku anasimulia habari za kuku wake. Miaka kumi na mmoja Fanueli alidhani anashikwa mkono tu.

"Kwetu mfiwa hapaki," akasema mwisho.

"Hata kwetu mwenye eda anaacha manukato, anaacha na wanja. Lakini ngozi ikimpasuka anapaka mafuta, maana hilo si pambo, ni tiba. Wazee wako wamekukataza kujiremba, hawakukwambia ujichune! Ngozi ni kiambaza, baba. Ukikibandua udongo kila jioni, mvua ikiingia ndani usiilaumu mvua."

Akamwelekeza. Magadi basi, dodoki basi. Anawe kwa maji matupu ya uvuguvugu, ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa, na ngozi ingali na unyevu apake, kwa sababu mafuta hayaleti maji, huyafungia ndani. Asubuhi apake tena kabla ya korona, maji ya mkonge yateleze. Akilala aifunge mikono kwa kitambaa cha bafta laini.

"Nikupe chupa?"

"Iko nyumbani," akasema Fanueli.

Ilikuwa chini ya kitanda, nusu yake imejaa. Miezi miwili alikuwa akifagia kuizunguka.

Kujipaka mwenyewe kulimshinda mwanzoni. Mkono mmoja haukujua namna ya kuushika mwenzake. Lakini alishikilia. Siku ya nne magamba yakaanza kubanduka kama maganda ya muhogo uliochemshwa. Siku ya nane nyufa zikajifunga. "Leo mkono wa bwana harusi!" akasema Msafiri. Fanueli alikuwa akitazama mafuta yanavyoshuka chupani. Usiku wa kuamkia siku ya Luka, chupa ikaisha.

"Fumba macho. Wapi?"

"Kidole cha mwisho."

"Na hapa?"

"Chini ya gumba. Umechoma mara mbili, bwana. Ya kwanza uliogopa."

Luka akacheka peke yake, akafunga daftari. "Hakuna lori, mzee."

Fanueli alishukuru, akatoka, akapita nyuma ya kanisa. Ilikuwa saa sita, jua kali. Akachuchumaa akang'oa magugu mawili matatu, kisha akalaza kiganja juu ya udongo wa kaburi. Ulikuwa wa moto, una vijiwe. Hakulia. Alikaa vile mpaka mkono ukaona uchungu wa ule moto, na hata hapo hakuuondoa upesi.

Halafu akainuka, akaitoa chupa tupu mfukoni, akashika njia ya reli kwenda kwa Bi Mwanasiti. Siku hiyo zamu yake ilikuwa ya saa nane mchana, naye alikuwa hajapaka.