Nywila na Nywele

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja magotini na simu juu ya kiti, sauti imefunguliwa, muziki wa kusubiri ukizunguka kwa mara ya sita. Kila wimbo ulipokwisha, mashine ilimhakikishia kwamba simu yake ni muhimu sana. Umuhimu gani huo, wa kumweka mtu dakika arobaini?

Lakini hakuthubutu kukata. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha ususi, naye cheti hakuwa nacho. Mkuu wa chuo akamhurumia: alete picha za kazi zake kabla ya saa kumi jioni, zitasimama badala ya cheti. Picha alikuwa nazo, za miaka tisa, vichwa mia tano na ushee. Shida ni kwamba zote alizihifadhi mtandaoni, na tangu simu ya zamani itumbukie kwenye beseni la kuoshea nywele, hakujua azifikie vipi. Saa tisa ilikuwa imeshapita.

"Habari, hapa ni huduma kwa wateja," ikasema hatimaye sauti ya binti, laini, ya kusomea. "Nikusaidie nini, mama?"

Akaeleza yote. Binti akasikiliza, kisha akauliza, "Je, umesahau nywila?"

"Nywele? Nitazisahauje, mwanangu, na ninazo hapa mkononi?"

Binti akarudia: "Nywila, mama."

"Ndiyo, za mteja. Nimefika nusu kichwa."

Mteja alianza kutikisika kwa kicheko, mstari wa msuko ukapinda. Binti akajaribu tena: "Ilikuwa ndefu au fupi?"

"Zangu fupi, tena zimekatika mbele. Lakini zinahusu nini?"

Hapo binti alishindwa. Alicheka mpaka akasahau kwamba mazungumzo yanarekodiwa. "Neno la siri, mama. Wanatutaka tuseme nywila."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Nimelisahau."

Njia iliyobaki ilikuwa swali la usalama, ambalo alilijibu mwenyewe siku alipofungua akaunti. Majaribio ni matatu tu. Yakiisha, akaunti inafungwa wiki nzima. Binti akasoma: "Ulipokuwa mdogo, ulitamani kazi gani?"

"Ususi," alijibu bila kufikiri.

"Siyo hiyo."

"Basi nesi. Darasani kwetu kila msichana alisema nesi."

"Siyo, mama. Limebaki jaribio moja. Usiwe na haraka."

Mikono ya msusi ikasimama. Ni lini mtu alimuuliza alitamani nini? Alianza kusuka akiwa na miaka kumi na mitatu, baba alipofariki na shule ikaishia hapo, na tangu siku hiyo vichwa vilifuatana bila kumpa nafasi ya kujiuliza. Kisha akajiona: wadogo zake watatu amewapanga kwenye mkeka, kipande cha mkaa mkononi, ukuta wa jiko umejaa a, e, i, o, u, na mama yake anakuja na mwiko. Aliona haya hata kulitamka.

"Mwalimu," alisema polepole.

Vidole vya binti vilisikika vikigonga. "Imekubali, mama."

Msusi alilia waziwazi, wala hakujifuta. Alichagua picha ishirini, mteja akamsaidia kuzituma kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na mafuta, zikaondoka saa kumi kasoro dakika nne. Kisha akarudi kwenye nusu ya kichwa iliyobaki, roho juu.

Alikuwa anamalizia mstari wa mwisho ujumbe ulipoingia. "Nisomee," alimwambia mteja.

Mteja akasoma: "'Kazi zako tumeziona. Mwalimu, tafadhali fika Jumatatu saa mbili asubuhi.'" Akageuza shingo na kumtazama kwa utani. "Mwalimu ndiye nani tena?"

"Tuliza kichwa," alisema msusi. "Ni mimi."